Mnatafuta Nini? Upambanuzi wa Nia Kabla ya Kutafuta Kazi Mpya

Katika Injili ya Yohane, maneno ya kwanza ya Bwana wetu Yesu Kristo ni swali. Wanafunzi wawili wa Yohane Mbatizaji walikuwa wakimfuata. Akageuka, akawauliza wanatafuta nini (Yn 1:38). Karibu na mji wa Yeriko alimwuliza kipofu Bartimayo anataka atendewe nini (Mk 10:51). Hitaji la Bartimayo lilionekana na kila mtu, hata hivyo Bwana alitaka alitaje mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu. Mungu anajua tunachohitaji kabla hatujaomba, lakini hutuheshimu kiasi cha kutuacha tukitafute ndani yetu na kukitamka.

Makala hii inahusu swali hilo hilo likiulizwa katika jambo la kazi. Tunawaandikia waamini wa wilaya za Tarime na Serengeti wanaofikiria kuacha kazi waliyonayo na kutafuta nyingine, pamoja na vijana wanaotafuta ajira yao ya kwanza. Wengi huanza kwa kuuliza wapi kuna nafasi, nani anamfahamu nani, na barua ipelekwe ofisi gani. Maswali hayo ni ya lazima, lakini si ya kwanza. La kwanza ni hili: ninataka nini, na kwa nini? Asiyejibu swali hilo mapema huamuliwa na nafasi ya kwanza itakayojitokeza, kisha mke, watoto, wazazi na jumuiya yake huishi na uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Maana ya upambanuzi

Neno upambanuzi katika mapokeo ya Kanisa halina maana ya kusubiri ishara kutoka mbinguni. Maana yake ni kutenganisha mambo yaliyochanganyika moyoni ili kuona lipi linatoka kwa Mungu, lipi linatoka kwa hofu, na lipi linatoka kwa tamaa au mashindano na jirani. Mtu anayesema amechoka na kazi yake huenda amechoka na msimamizi mmoja tu. Anayesema anataka mshahara mkubwa huenda anatafuta heshima mbele ya shemeji zake. Anayesema ameitwa kuhama huenda anakimbia deni. Hakuna kati yao aliye mwovu kwa sababu hiyo, ila kila mmoja anahitaji dawa tofauti, na kazi mpya si dawa ya maradhi yote.

Bwana mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza (Lk 14:28-30). Tendo la kuketi linatangulia tendo la kujenga. Katika jambo la kazi, kuketi huko ndiko tunakokuita upambanuzi: kuna sala ndani yake, na kuna kalamu na daftari pia. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Na nguvu za ujana ni mali.

Kanisa linafundisha nini kuhusu kazi

Kazi si adhabu. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba mwanadamu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza (Mwa 2:15) kabla ya kuanguka dhambini. Kilichoingia baada ya dhambi ni jasho na miiba. Bwana wetu aliishi sehemu kubwa ya maisha yake Nazareti, akijulikana kama seremala na mwana wa seremala. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ili siku ambayo ulimwengu unaadhimisha wafanyakazi iwe na msimamizi wake mbinguni.

Mafundisho Jamii ya Kanisa katika zama zetu yalipata msingi katika waraka wa Papa Leo XIII uitwao Rerum Novarum, uliotolewa tarehe 15 Mei 1891, viwanda vilipokuwa vimewafanya wafanyakazi wengi wa Ulaya kuwa kama vyombo. Papa alitetea haki ya mfanyakazi kupata ujira unaomtosha kuishi, kupumzika, na kujiunga na wenzake katika vyama. Papa Leo XIV, alipochaguliwa Mei 2025, alieleza kuwa alilichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Papa huyo na waraka wake.

Miaka 90 baada ya Rerum Novarum, tarehe 14 Septemba 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa waraka Laborem Exercens. Humo alifundisha kwamba kazi ina pande mbili. Upande mmoja ni kitu kinachofanyika: dhahabu inayochimbwa, kitanda kinachotandikwa, kahawa inayochumwa. Upande mwingine ni mtu anayeifanya. Upande wa pili ndio unaoipa kazi thamani yake, kwa kuwa mtu anapofanya kazi hubadili kitu na wakati huo huo hubadilika yeye mwenyewe. Hivyo, katika kuchagua kazi, haitoshi kuuliza nitapata kiasi gani. Ni lazima kuuliza pia: nikiifanya kazi hii miaka mitano, nitakuwa mtu wa namna gani?

Kazi zilizopo kwetu na madai yake

Wilaya zetu zina neema ambayo wilaya nyingi hazina, na neema hiyo ndiyo inayofanya upambanuzi uwe wa lazima. Kila kazi hutoa kitu na kudai kitu, tutaje chache.

Mgodi wa dhahabu wa North Mara, huko Nyamongo wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Leo unaendeshwa na kampuni ya Barrick, huku Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16. Wapo wanaoajiriwa na mgodi wenyewe, wapo wanaoajiriwa na wakandarasi, na wapo vibarua. Watu hawa watatu hupita lango moja, lakini mikataba yao haifanani, na anayesema anataka kazi mgodini hajasema bado anataka ipi. Kazi za zamu, za usiku na za chini ya ardhi hudai afya, nidhamu na familia iliyojiandaa.

Uchimbaji mdogo huvuta vijana wengi kwa sababu haudai cheti. Lakini duara linaweza kula mtaji wa miezi bila kutoa kitu. Vumbi la mawe huharibu mapafu. Na zebaki inayotumika kwenye mialo ni sumu kwa mishipa ya fahamu na kwa mtoto aliye tumboni. Anayeichagua kazi hii aichague akijua hayo, akiwa na kinga, na akiwa amejiwekea kikomo cha muda na fedha.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, imezaa ajira katika hoteli na kambi za watalii, udereva, uongozaji wa wageni, ulinzi na upishi. Vijiji vya Robanda, Natta-Mbiso, Nyichoka, Nyakitono na Makundusi vina Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo nayo hutegemea wageni hao. Kazi hizi zina msimu. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapokuwa kaskazini kandokando ya Mto Mara, wageni ni wengi. Mvua za masika za Aprili na Mei zikifika, kambi nyingine hufungwa. Tena mfanyakazi hulala kazini, mbali na nyumbani.

Utumishi wa umma, yaani ualimu, uuguzi, kilimo na utendaji wa vijiji na kata, hutoa uhakika na hifadhi ya uzeeni, lakini hudai utayari wa kupangiwa kituo popote. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hutaka mwombaji raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, na maombi hupokewa kwa mtandao. Anayesema moyoni kuwa hataondoka Mugumu kwa lolote ajiulize kama kweli anataka utumishi wa umma, au anataka Mugumu.

Kilimo na ufugaji bado ndiyo kazi ya wengi wetu: kahawa na ndizi katika nyanda za juu za Tarime, mahindi, mihogo na ulezi, na ng'ombe. Biashara ya mpakani Sirari, ufundi, na bodaboda huongeza orodha. Hizi nazo ni kazi kamili mbele ya Mungu. Si haki kuziita kusubiri ajira, kana kwamba shamba ni chumba cha kungojea.

Mfano kutoka Butiama

Jimbo letu lina mwana wake aliyepaswa kujibu swali hili katika mwaka mmoja mgumu. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa mwalimu katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na wakati huo huo rais wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua: ualimu au siasa. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na mshahara wa mwalimu msomi wakati ule ulikuwa mali adimu. Aliacha kazi ya shule.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni lile lililofuata. Alirudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa ya mwaka 1955 alimfundisha Kizanaki padre wa Shirika la Maryknoll na kumsaidia katika kazi ya tafsiri. Baadaye mwaka huo alikwenda Dar es Salaam kuifanya kazi ya TANU kwa muda wake wote, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru.

Hatudai kuyajua yaliyopita moyoni mwake. Lakini matendo yanatosha kutufundisha mambo matatu. Kwanza, mshika mbili moja humponyoka. Ulifika wakati wa kutaja kilicho cha kwanza. Pili, kati ya kazi iliyoachwa na kazi iliyokusudiwa alipata kazi ya halali, ndogo kwa sifa, iliyomlisha na kumpa utulivu, hakuidharau. Tatu, aliacha darasa lakini hakuacha kuwa mwalimu, na taifa zima liliendelea kumwita hivyo hadi alipofariki mwaka 1999. Aliye na nia inayojulikana anaweza kubadili ajira bila kupoteza wito.

Maswali matano ya daftari

Tunapendekeza muamini anayefikiria kubadili kazi ajitengee angalau wiki mbili kabla ya kuandika barua yoyote. Katika muda huo ajibu maswali yafuatayo kwa maandishi. Yaliyo kichwani hubadilika kila jioni; yaliyo kwenye karatasi husubiri.

1. Wito wangu ni upi? Aliyefunga ndoa ana wito tayari, na kazi ni mtumishi wa wito huo. Sheria ya Kanisa (kanoni 1151) hukumbusha kuwa wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuna sababu halali. Kazi ya kuwatenganisha miezi mingi inaweza kukubalika kwa sababu nzito na kwa muda unaojulikana, wote wawili wakiwa wamekubali. Isikubalike kwa uamuzi wa mmoja aliyemwarifu mwenzake akiwa ameshafunga begi.

2. Nina karama gani? Andika kazi tatu ulizowahi kufanya ukasahau saa, na tatu zilizokuchosha kabla hujaanza. Mwulize mtu anayekufahamu na asiyeogopa kukukosoa. Mtu mwenye subira na wagonjwa, anayejua hesabu za stoo, au anayetuliza ugomvi wa majirani, ana karama ambazo hazimo katika cheti chochote.

3. Ninahitaji kiasi gani? Hapa hitaji litenganishwe na tamaa. Andika ada, chakula, kodi, matibabu, matoleo kwa Kanisa, msaada kwa wazazi, na akiba. Jumla hiyo ndiyo mshahara wako wa chini. Bila hesabu hiyo hujui kama unatafuta nyongeza ya shilingi 50,000 au ya shilingi 500,000, na hizo ni safari mbili tofauti.

4. Mpaka wangu ni upi? Taja mapema usichoweza kufanya hata ukilipwa: kusaini hesabu za uongo, kutoa au kupokea rushwa, kuwapunja vibarua. Tunasema wazi pia kuhusu njia za mkato zinazojulikana kwetu, yaani bangi, magendo ya mpakani na ujangili. Zinalipa haraka, kisha humdai mtu uhuru wake na wakati mwingine uhai wake. Dominika nayo iwe ndani ya mpaka huu. Kanisa linajua kuwa wapo wanaolazimika kufanya kazi siku hiyo kwa huduma ya wengine, na Misa ya Jumamosi jioni hutimiza wajibu (kanoni 1248). Lakini kazi isiyompa mtu nafasi ya Misa mwaka mzima, wala siku ya kupumzika na watoto, inadai kisicho chake.

5. Kwa muda gani, na baada ya hapo nini? Kazi inayokubaliwa kwa miaka miwili ili kumsomesha mtoto au kununua cherehani ni tofauti na kazi inayokubaliwa bila mwisho. Andika tarehe ya kujitathmini.

Hesabu moja ya mfano

Tuchukue mfano wa kubuni, ili swali la tatu lieleweke. Mama mmoja anafanya kazi katika duka mjini Mugumu kwa mshahara wa shilingi 250,000 kwa mwezi, akilala nyumbani. Anaitwa katika kambi ya watalii kwa shilingi 400,000, na chakula juu. Kwa haraka anaona nyongeza ya shilingi 150,000.

Aketi sasa na daftari. Atahitaji msaidizi wa kukaa na watoto, shilingi 80,000, chakula cha msaidizi huyo, 40,000, nauli ya kurudi nyumbani, 40,000, simu, 10,000. Jumla ni shilingi 170,000. Kwa kuwa kambi itamlisha, ataokoa kama shilingi 50,000. Kati ya 400,000 anabaki na thamani ya 280,000. Nyongeza halisi ni shilingi 30,000 kwa mwezi.

Kisha aulize kama kambi hufungwa wakati wa masika. Ikifungwa miezi miwili bila malipo, kwa mwaka atabaki na shilingi 2,800,000, wakati dukani angepata 3,000,000. Kila mwezi ameongezewa. Kwa mwaka amepunguziwa shilingi 200,000, na watoto wamelala bila mama miezi kumi.

Hatusemi asiende. Huenda anataka kujifunza upishi wa hoteli ili miaka mitatu ijayo afungue mgahawa wake, na kwa nia hiyo shilingi 200,000 ni ada nafuu ya shule. Tunachosema ni kwamba kazi hiyo hiyo ni hasara kwa anayetaka fedha na ni faida kwa anayetaka ujuzi. Hesabu peke yake haikati shauri. Nia peke yake haitoshi. Zikikutana, mwanga hupatikana.

Njia ya Mtakatifu Inyasi

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, askari aliyejeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521 na kuongokea akiwa kitandani, aliacha mwongozo wa namna ya kufanya uchaguzi katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Mwongozo huo unamfaa mwashi na mwuguzi kama unavyomfaa mtawa. Tunaueleza kwa maneno yetu.

Kwanza, omba uhuru wa moyo, uwe kama mizani isiyoelemea upande wowote kabla ya kitu kuwekwa juu yake. Kama tayari umeshaamua na unamtafuta Mungu aweke sahihi, huo si upambanuzi. Pili, andika faida na hasara za kubaki, halafu faida na hasara za kuondoka. Orodha nne, si mbili. Wengi huandika faida za kuondoka na hasara za kubaki tu. Tatu, mfikirie mtu usiyemjua, mwenye hali kama yako, amekuja kukuomba ushauri: ungemwambia nini? Fuata mwenyewe shauri hilo. Nne, jiweke katika saa ya kufa, ukitazama nyuma: ungetamani uwe umechagua nini?

Kuna onyo moja ambalo Mtakatifu Inyasi alilisisitiza: katika kipindi cha ukiwa wa roho, yaani wakati wa giza, hasira na kukata tamaa, usibadili uamuzi uliofanya ukiwa na amani. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa usiku wa ugomvi na msimamizi ilale mezani wiki moja. Isipokuwa pale uhai, afya au utu wa mtu unapokuwa hatarini. Hapo kuondoka upesi ni busara, na kuomba msaada ni haki.

Haki iwe sehemu ya unachotaka

Muamini asione aibu kutaka haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka viwango ambavyo mwombaji kazi anapaswa kuvijua kabla ya usaili. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84. Mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake. Katika sekta binafsi, michango ya hifadhi ya jamii hupelekwa NSSF, na mwanachama anaweza kuhakiki kama imefika.

Hivyo, katika daftari lako, chini ya maneno ninachotaka, andika pia: mkataba wa maandishi, siku ya kupumzika, michango kupelekwa, kinga za usalama. Uliza mambo hayo kwa adabu wakati wa usaili. Mwajiri mwema hachukizwi na swali la mtu anayejua atokako na aendako.

Kutoka nia hadi maombi

Baada ya upambanuzi, andika sentensi moja isiyozidi mistari miwili. Kwa mfano: ninatafuta kazi ya stoo au manunuzi, ndani ya Tarime au Serengeti, yenye mkataba wa maandishi, isiyopungua shilingi kadhaa kwa mwezi, itakayoniruhusu kulala nyumbani angalau siku mbili kwa wiki. Sentensi hiyo itakuokoa mara nyingi. Itakuonyesha tangazo lipi usilijibu. Itawawezesha rafiki na ndugu kukusaidia, maana anayeomba kazi yoyote huwaachia wenzake mzigo wa kubahatisha. Na itakulinda na matapeli, ambao huwinda hasa mtu asiyechagua. Nafasi ya kazi haiuzwi. Anayedai fedha ili jina lako lipite, awe mjini au kwenye simu, ama anakuibia wewe au anamwibia mwenye haki ya nafasi hiyo.

Usiache kazi uliyo nayo kabla ya kupata nyingine, pasipo sababu nzito. Ukiondoka, toa taarifa kwa maandishi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka taarifa isiyopungua siku 28. Kabidhi funguo, stoo na hesabu. Namna mtu anavyotoka mlangoni ni sehemu ya ushuhuda wake wa Kikristo.

Nafasi isipopatikana mapema, nia haijapotea. Huenda ikahitaji hatua ya kati: kozi ya ufundi katika chuo cha VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi, msimu mmoja wa shamba, au kuunda kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ambayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wajibu wa wazazi na jumuiya

Wazazi wengi kwetu wameuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto asome. Sadaka hiyo ni ya kuheshimiwa, na mtoto asiisahau. Lakini isigeuzwe kuwa hati ya kumchagulia maisha. Mzazi ana haki ya kusema anachokiona, kuonya, na kuomba msaada anapouhitaji. Hana haki ya kumlazimisha binti aende kufanya kazi za ndani mji wa mbali, au kijana aingie shimoni, kwa sababu jirani amejenga nyumba ya bati.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziweke jambo hili katika sala na mashauriano yao. Mkutano wa jumuiya ukiwa na mwuguzi, fundi, mlinzi wa hifadhi na mkulima wa kahawa, una walimu wanne wa kazi. Vijana wawaulize wanachopenda na wanachojutia katika kazi zao. WAWATA, UWAKA na VIWAWA wanaweza kutenga Dominika moja kwa mwaka, karibu na tarehe 1 Mei, kuwasikiliza wanaotafuta kazi na kuwasaidia kuandika ile sentensi moja. Na mapadre wa parokia wako tayari kusikiliza. Hawana nafasi za ajira mfukoni, ila wana muda wa kuketi na mtu anayehesabu gharama za mnara wake.

Kumbukeni pia kwamba Bartimayo, baada ya kutaja alichotaka na kukipata, hakurudi kuketi kando ya njia. Alimfuata Yesu njiani. Kazi tunayoitafuta, tukiipata, itupeleke huko.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.